Mumekuja siku ya maji: namna wakaaji wa kambi wanavyoweza kufuatilia misaada yao wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita tulifika katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, siku ya Jumanne, saa nne ya asubuhi. Tulikuwa watatu, na daftari na karatasi za maswali. Robine zote zilikuwa zikitoa maji. Wamama walijaza bidoni zao bila kusukumana, watoto walioga kando. Tukaandika: maji yapo, foleni ni fupi, hakuna shida. Tulipokuwa tunarudi kwenye pikipiki, mama mmoja mzee alituita: "Wana wangu, mumekuja siku ya maji. Murudi Alhamisi."

Tulirudi Alhamisi. Robine zilikuwa kavu. Bidoni tupu zilipangwa mstari kutoka kwenye robine mpaka barabarani, kila moja na jiwe juu yake ili upepo usiipeleke na mwenyewe asipoteze nafasi. Mama yule alituonyesha ubao nyumbani kwake, ambao alikuwa akichora mstari wa makaa kila siku maji yalipotoka. Kwa mwezi mzima kulikuwa na mistari tisa.

Hatukuwa tumedanganya. Tuliandika tulichokiona. Lakini kama ripoti ya Jumanne ingetumwa peke yake, shirika lililoshughulikia maji lingesoma kwamba kambi ile haina haja, na mafundi wangepelekwa kwingine. Tangu siku ile hatuamini tena ripoti ya mgeni aliyekaa kambini saa tatu, hata kama mgeni huyo ni sisi.

Makala hii inaeleza namna ya kufuatilia huduma na hali ya maisha kambini. Tunaiandika kwanza kwa familia na viongozi wanaoishi humo: wale waliokimbia vita wakabaki ndani ya Kongo, na wale waliovuka mipaka, kama ndugu zetu waliopokelewa Burundi mwaka 2025 au wale wa Nyarugusu, mkoani Kigoma nchini Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 na ambamo watoto wa Kikongo wamezaliwa, wakakua na kuzaa wao pia. Mashirika yana wafuatiliaji wao, na kazi yao ni ya lazima. Lakini wao huja na kwenda. Anayejua kama robine ilitoa maji usiku wa Jumapili ni yule aliyelala pale.

Kufuatilia ni nini

Kufuatilia si kulalamika, ingawa lalamiko linaweza kuwa mwanzo wake. Si upelelezi pia. Kufuatilia ni kuangalia kitu kilekile, kwa namna ileile, kila mara, na kuandika ulichoona pamoja na tarehe. Mtu anayesema "hapa tunateseka na maji" anasema kweli, ila anayemsikiliza ofisini amekwisha kusikia maneno hayo kutoka kambi ishirini. Mtu anayesema "katika siku saba zilizopita maji yametoka siku mbili, na robine moja kati ya nne imekufa" ametoa habari inayoweza kumfanya fundi apande gari.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu ya amani pia. Mahali ambapo hakuna hesabu, uvumi huchukua nafasi yake. Inasemekana bloku fulani imepewa mara mbili. Inasemekana prezida wa kambi ameuza mifuko. Inasemekana watu wa kabila fulani ndio wanaopendelewa. Pengine ni kweli, pengine si kweli, lakini vijana hawangoji kuhakikisha. Tumeshuhudia ugomvi wa kambini ulioanza kwa bidoni moja ukaishia kwa matusi ya ukabila kabla ya jua kuzama.

Goma, 1994

Namba nyingi zinazotumiwa leo na mashirika duniani kupima hali ya kambi zimetokana, kwa sehemu, na yale yaliyotokea hapa kwetu. Kati ya tarehe 14 na 18 Julai 1994, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma. Waliwekwa Kibumba, Katale, Mugunga na kwingineko, juu ya mawe ya volkano ambako kuchimba choo ni kazi ya nyundo, jembe halifai kitu. Katika juma la kwanza maji safi yaliyogawiwa hayakufikia hata lita moja kwa mtu kwa siku. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000.

Kulikuwa na tatizo la pili ambalo halizungumzwi sana. Orodha za chakula zilishikwa na viongozi wa zamani, wakiwamo wale waliohusika na mauaji ya kimbari. Walitaja idadi ya watu kuliko waliokuwapo, wakagawa kwa kupenda, na tofauti ikawa nguvu mikononi mwao. Uchunguzi wa afya uliofanywa wakati ule ulionyesha kwamba utapiamlo uliwapata zaidi watoto wa nyumba zilizoongozwa na wanawake. Chakula kilikuwa kimefika kambini, lakini hakikufika kwenye sufuria hizo. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi hizo, likisema haliwezi kuendelea na misaada inayowapa nguvu wauaji.

Baadaye nchi na mashirika mengi yalifanya tathmini kubwa ya pamoja, iliyotolewa mwaka 1996. Mwaka 1997 ukaanzishwa mradi unaoitwa Sphere, wa kuweka vipimo vya chini ambavyo mtu yeyote aliyepatwa na maafa anastahili. Kitabu chake kilitoka mwaka 2000, na toleo la 2018 ndilo tunalotumia. Shirika likisema kambini kwenu kwamba "tunafuata Sphere", mjue ni kitabu hicho, na mna haki ya kuuliza kinasema nini.

Bidoni na saa

Tuanze na maji, maana ndiyo rahisi kupima na ndiyo yanayoua haraka yakikosekana.

Sphere inasema mtu apate walau lita 15 kwa siku za kunywa, kupika, kunawa na kuoga. Familia ya watu sita inahitaji basi lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Robine moja isihudumie watu zaidi ya 250. Nyumba isiwe mbali na maji zaidi ya mita 500, na mtu asingoje kwenye foleni zaidi ya dakika 30.

Wengi huishia hapo. Wanahesabu watu, wanahesabu robine, wanagawanya, na wakipata 250 wanafunga daftari. Lakini hiyo 250 inakubalika tu kama robine inatoa lita 7.5 kwa dakika moja. Kwa mwendo huo bidoni ya lita 20 hujaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Simu ndogo kabisa ina saa ya kupima jambo hilo. Bidoni ikijaa kwa dakika tano, robine yenu ni nusu ya robine, hata kama inang'aa.

Kuna na saa za kutiririka. Watu 250 wakichukua lita 15 kila mmoja, ni lita 3,750. Robine ya lita 7.5 kwa dakika itahitaji saa 8 na dakika 20 bila kupumzika. Ikifunguliwa saa nne tu kwa siku, kila mtu atapata lita 7 na kidogo. Na katika ile kambi yetu ya Jumanne, hata kama kila mtu angepata lita zake 15 siku zote mbili za juma, wastani wa kila mtu usingefika lita 5 kwa siku. Ndiyo sababu ubao wa yule mama ulikuwa na habari zaidi kuliko karatasi zetu zote.

Pimeni basi mambo matatu: robine ngapi zinafanya kazi leo, bidoni inajaa kwa muda gani, na maji yalitoka saa ngapi mpaka saa ngapi. Muongeze swali la nne, ambalo wageni hawaliulizi: nani anashika ufunguo, na je, kuna mtu anayelipa? Katika kambi nyingine mlinzi wa robine hutoza kitu kidogo kwa bidoni "kwa ajili ya ukarabati". Huenda komite ilikubaliana hivyo na fedha ziko mahali pazuri. Kama ni hivyo, hesabu isomwe mbele ya watu. Kama hakuna anayejua fedha zinakoenda, hilo nalo liandikwe.

Choo na nyumba

Hapa tutapita upesi. Siku za kwanza za dharura choo kimoja kinaweza kutumiwa na watu 50. Kambi ikikaa, kisizidi watu 20. Kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka nyumbani. Vyoo vya pamoja vya wanawake viwe vitatu kwa kila kimoja cha wanaume. Hesabuni vile tu vinavyotumika: choo kilichojaa hakihesabiwi, na choo kisicho na mlango unaofungwa kwa ndani kihesabiwe kwa wanaume peke yao, kwa sababu wamama na wasichana hawataingia humo usiku. Nyumba iwe na mita za mraba 3.5 kwa kila mtu, yaani 21 kwa familia ya watu sita. Pimeni kwa hatua, si lazima kuwa na mita. Shitingi iliyopasuka iandikwe kabla ya mvua, maana maombi yanayofika Oktoba hujibiwa, kama yanajibiwa, Desemba.

Chakula na orodha

Hapa ndipo mambo ni magumu, na ndipo viongozi wa kambi wanapopata maadui.

Kipimo cha kawaida ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Hamtaweza kupima kilokalori kambini, na hakuna haja. Mnachoweza kupima ni tofauti kati ya kilichotangazwa na kilichofika nyumbani. Kabla ya ugawaji, shirika linapaswa kutangaza wazi: kila mtu anapata kilo ngapi za unga, maharagi kiasi gani, mafuta kiasi gani, au fedha ngapi kwenye simu. Tangazo hilo liandikwe mahali ambapo wote wanaona, na lisomwe kwa sauti kwa wasiojua kusoma, kwa Kiswahili na kwa lugha za watu waliopo. Kama halikutangazwa, hapo ndipo pa kuanzia.

Baada ya ugawaji, siku ileile au kesho yake, watu wawili wazunguke na mizani, hata ile ya kupimia mihogo sokoni. Waende nyumba zipi? Wakienda kwa marafiki, watapata majibu ya marafiki. Wakienda zile za karibu na ofisi, watapata majibu ya karibu na ofisi. Njia nzuri ni kuchukua kila nyumba ya kumi: anzeni nyumba ya tatu, kisha ya kumi na tatu, kisha ya ishirini na tatu, mpaka mwisho wa bloku, hata kama mwenye nyumba hampatani. Mulizeni: mlitangaziwa nini, mmepata nini, kuna kilichotolewa njiani na nani?

Hilo swali la mwisho liulizwe taratibu. Tumekutana na familia zilizotoa kopo moja la unga "kwa wabebaji", jingine "kwa usalama", la tatu kwa mtu aliyewaandika kwenye orodha. Kila kopo lina sababu yake, na baadhi ya sababu tunazielewa: kiongozi wa bloku anafanya kazi mchana kutwa bila mshahara, na watoto wake wana njaa kama wengine. Lakini msaada wa kiutu ni bure. Kama watu wa bloku wanataka kumsaidia kiongozi wao, waamue mkutanoni, kila mmoja akiwa huru kukataa. Kinachochukuliwa kwenye mlango wa ugawaji, chini ya jina lisiloandikwa, ni wizi.

Ninyi viongozi, tunajua jambo jingine pia. Wakati mwingine namba huongezwa kwa nia njema: familia mpya zimefika usiku, hazimo kwenye orodha, na kiongozi anaandika majina hewa ili aweze kuwalisha. Tunaelewa, lakini siku hesabu mpya inapofanyika na majina hayo yakagundulika, kambi nzima huitwa kambi ya waongo, na wale wageni halisi ndio wa kwanza kukatwa. Afadhali kuwa na karatasi ya pili, yenye idadi ya waliofika na tarehe waliyofika, na kuipeleka kila juma hata kama haijibiwi.

Makaburi

Kuna hesabu ambayo hakuna anayependa kuifanya. Wataalamu wa afya wanasema kwamba kifo kimoja kwa siku kwa kila watu 10,000, kikiendelea hivyo siku baada ya siku, ni alama ya hatari kubwa. Kwa watoto walio chini ya miaka mitano, alama ni vifo viwili kwa siku kwa kila watoto 10,000. Kambi ya watu 5,000 ikizika watatu au wanne kila juma imefikia hatari hiyo, hata kama kila msiba ulionekana kuwa wa kawaida: huyu homa, huyu tumbo, huyu uzee. Goma mwaka 1994 vifo vilifika kati ya 20 na 35 kwa siku kwa kila watu 10,000.

Vifo hufichwa. Familia iliyopoteza mtu inaogopa kupunguziwa mgao, kwa hiyo inazika alfajiri na kunyamaza. Hatuwalaumu. Ila matokeo yake ni kwamba kipindupindu kinaweza kutembea juma zima bila mtu kukijua, na katika mikoa yetu ya Kivu kipindupindu si mgeni. Tunapendekeza komite ikubaliane mapema na shirika la chakula kwamba kifo kinachotangazwa hakitakata mgao wa mwezi ule wala wa mwezi unaofuata. Tulipokubaliwa jambo hilo mahali pamoja, watu walianza kutoa habari bila kuulizwa. Na mtu mmoja tu akianza kuhara maji meupe kama yaliyooshewa mchele, habari ifike kituo cha afya saa ileile, msingoje juma liishe.

Yale yasiyoulizwa hadharani

Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka walihudumia nchini Kongo zaidi ya watu 25,000 waliotendewa ukatili wa kingono. Wengi walikuwa wanawake wakimbizi, na wengi wao walishambuliwa wakienda kutafuta kuni au chakula nje ya kambi. Jambo hili linahusu ufuatiliaji wa huduma moja kwa moja. Kama kuni hazigawiwi, mama ataenda porini. Kama mgao umepunguzwa, ataenda mbali zaidi. Andikeni basi: kuni zinatoka wapi, ni mwendo wa saa ngapi, njia ipi ina kizuizi, wanawake wanakwenda peke yao au kwa kundi.

Lakini msiwaulize wamama mkutanoni nani amebakwa. Kiongozi wa bloku asifanye orodha ya namna hiyo, hata kwa huruma. Kazi yenu ni kuhakikisha kila mwanamke na kila msichana anajua mahali pa kwenda, kwamba matibabu ni ya bure na ya siri, na kwamba dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ianze ndani ya saa 72. Hili linajulikana kidogo mno, na saa hizo hupita haraka.

Kuna pia wale wanaotumia msaada kama chambo. Septemba 2021 tume huru iliyochunguza mwenendo wa wafanyakazi wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri ilitambua washukiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Waliahidi kazi, wakadai mwili. Kwa hiyo mtu aliyevaa gile ya shirika lolote, letu likiwamo, akidai chochote ili akuandike, anafanya kosa linalomfukuzisha kazi. Habari hizo zisipelekwe kwa shirika lake peke yake. Zipelekwe na kwa shirika jingine.

Daftari lisiwe na majina

Januari 2025 M23 waliingia Goma. Februari kambi kubwa zilizozunguka mji, zikiwamo Bulengo, Lushagala na Rusayo, zilibomolewa, na mamia ya maelfu ya watu wakaondoka katika siku chache, wengine kurudi vijiji ambavyo nyumba zao zilikuwa zimekwisha. Jiulizeni: daftari la komite lingekuwa wapi jioni ile, na nani angelisoma?

Katika nchi yetu mamlaka ya mahali yanaweza kubadilika usiku mmoja. Orodha yenye jina, kijiji cha asili, kabila na jina la mume aliye mbali inaweza kumwua mtu. Huko Djugu, Ituri, watu waliuawa ndani ya kambi zenyewe: Plaine Savo Februari 2022, Lala Juni 2023. Daftari la ufuatiliaji linahitaji namba za bloku, idadi, tarehe na saa. Halihitaji majina. Kama kuna jina la lazima, likae kichwani mwa mtu mmoja anayeaminiwa au kwa shirika lenye kazi hiyo. Na usalama wenyewe ufuatiliwe: taa zilizokufa, njia ambazo watu wameacha kupita, usiku ambao familia zimelala nje ya kambi. Watu wakianza kulala porini, wao wamekwisha kupima.

Majirani

Katika eneo moja bomba la kambi lilikatwa usiku mara kwa mara. Wakimbizi walisema ni wenyeji. Wenyeji walisema ni wakimbizi wanaojikatia wenyewe ili walaumu. Ukweli tuliopata ni kwamba bomba lilipita katikati ya kijiji kisicho na robine hata moja. Wenye mashamba yaliyochukuliwa na kambi waliyaona maji yakipita chini ya miguu yao. Komite iliwaita wazee watatu wa kijiji wahesabu pamoja nao kwa majuma mawili. Walipomaliza, barua ilikuwa na sahihi za pande zote mbili, ikiomba robine mbili upande wa kijiji. Moja ilijengwa. Kwa miezi yote tuliyobaki pale bomba halikukatwa tena.

Tunakumbusha pia kwamba wakimbizi wa ndani wengi wa Kongo hawaishi kambini kabisa. Wako kwa ndugu, kwa jamaa wa kanisa, shuleni, katika vyumba vya kupanga ambavyo kodi yake haijalipwa. Malori hayasimami huko. Viongozi wa avenyu na wa makanisa wanaweza kutumia maswali haya haya.

Kupeleka habari

Barua ndefu haisomwi. Huu ni mfano wa maneno yanayotosha: "Bloku C, tarehe 12 hadi 18. Watu karibu 1,000. Robine 4, moja haifanyi kazi. Maji yalitoka siku 2, saa 8 kila siku. Mtu anapata karibu lita 3. Tunaomba robine itengenezwe na maji yatoke kila siku." Tarehe, mahali, hesabu, ombi. Wapeni wasimamizi wa kambi, na nakala kwa shirika linaloshughulikia maji. Katika kambi nyingi za Kongo usimamizi hufuatwa na Tume ya Taifa ya Wakimbizi pamoja na HCR au OIM, na kuna mikutano ya mashirika ambayo msimamizi huhudhuria. Ombeni mtu wenu aingie katika mkutano huo, awe mwanamke kama inawezekana, kwa sababu wanaume walioketi pale hawabebi bidoni. Kama kuna namba ya simu ya bure, pigeni na muandike saa mliyopiga. Sanduku la maoni tuna mashaka nalo: wengi hawaandiki, na kila mtu anamwona anayelitia karatasi.

Tuseme ukweli kuhusu mwaka 2025 pia. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya kiutu nchini Kongo, ilikata sehemu kubwa ya fedha zake mwanzoni mwa mwaka huo, na mashirika yakafunga vituo vya afya na vya lishe. Hesabu nzuri haitarudisha fedha hizo. Mtapeleka namba sahihi na pengine mtajibiwa kwamba hakuna kitu. Hata hivyo, shirika lenye uwezo wa kutengeneza robine mbili tu litachagua kati ya kambi tano, na litachagua kwa karatasi zilizo mezani.

Mkiamua kuanza, msianze na yote. Chagueni robine moja na watu wawili, mmoja awe mama, kwa majuma manne. Kila Jumapili someni hesabu mbele ya bloku kabla ya kuipeleka ofisini, ili anayeona kosa alisahihishe na anayefikiri mnaficha kitu asikie mwenyewe. Barua ya kwanza isipojibiwa kwa juma mbili, pelekeni ya pili ikiwa na tarehe ya ile ya kwanza juu yake, na nakala kwa chefu wa lokalite. Nakala moja ibaki kwenu, ndani ya mfuko wa plastiki, bila majina.